Kozi Avukaye Bahari kwa Kaskazi

Mvua za vuli zikishalainisha ardhi ya Tsavo, kumbikumbi huanza kumiminika kutoka vichuguuni, na ndege wa kuwala huwa hawako mbali. Kati ya Novemba na Desemba hutokea makundi ya ndege wembamba, mabawa marefu yaliyochongoka, wakiwadaka wadudu hao hewani kwa kucha na kuwala papo hapo bila kutua. Hao ni kozi wa Amur. Dume ni wa kijivu, miguu yake ina rangi ya chungwa, na weupe ulio chini ya bawa humtambulisha hata akiwa juu sana. Uzito wake haufiki gramu 200.

Ndege huyu mdogo ametoka mashariki mwa Siberia au kaskazini mwa China, anakozaliana. Baridi ikikaribia hushuka hadi kaskazini mashariki mwa India, akala mpaka akajaza mafuta mwilini, kisha akalikata Bara Hindi na kuingia baharini. Hapo mbele yake kuna zaidi ya kilomita 3,000 za maji, naye si ndege wa kuelea. Kinachomsaidia ni kaskazi, upepo ule ule ulioleta majahazi Mombasa na Unguja kwa karne nyingi. Watafiti wanadhani pia kwamba njiani hula kereng'ende, kwa kuwa nao huvuka bahari hiyo katika msimu huo huo. Akifika Afrika Mashariki hakai sana. Huendelea hadi kusini mwa bara, akasubiri huko hadi wakati wa kurudi.

Safari nzima, kwenda na kurudi, inaweza kufika kilomita 22,000. Lakini mwaka 2012 ilidhihirika kwamba hatari kubwa haikuwa bahari.

Katika jimbo la Nagaland nchini India kuna ziwa la Doyang, lililotokana na bwawa la kufua umeme. Kila Oktoba kozi hukusanyika hapo kwa maelfu kwa maelfu. Mwaka huo wanaharakati, miongoni mwao mwanahabari Bano Haralu, walikuta nyavu za kuvulia samaki zimetandazwa juu, mahali ndege wanapopita kwenda kulala. Walionaswa walifungiwa hai ndani ya vyandarua majumbani ili wafike sokoni wakiwa wazima. Wengine walinyonyolewa na kubanikwa. Wanaharakati hao walikadiria kwamba ndege 120,000 hadi 140,000 waliuawa katika msimu mmoja.

India ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Bonn wa 1979 unaolinda wanyama wahamao, na sheria zake za wanyamapori zilikuwepo. Hazikufika kwenye nyavu. Kilichofika ni mazungumzo na mabaraza ya vijiji, Pangti kikiwa kimojawapo, pamoja na makanisa yanayosikilizwa sana na Wanaga. Mabaraza yenyewe yakapiga marufuku uwindaji na kuweka faini. Msimu wa 2013 ukapita bila mauaji yale. Watu walioacha pato hilo hawakuwa matajiri, na heshima wanayostahili ni kubwa kuliko wanayopewa.

Mwaka huo huo ndege watatu walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, wakaitwa Naga, Wokha na Pangti. Ramani zao zilionyesha wazi jinsi walivyovuka bahari kuja Afrika, na mwaka uliofuata Naga na Pangti wakaonekana tena Doyang.

Upande wetu wa bahari hakuna nyavu za namna ile, ila kuna sumu. Kenya na Tanzania, ambazo nazo zimo katika Mkataba wa Bonn, hunyunyizia fenthioni kwenye malalo ya kwelea kwelea wanaoshambulia mtama, ngano na mpunga. Mkulima ana haki ya kulinda shamba lake. Kundi la kwelea linaweza kumaliza mavuno yake. Hata hivyo fenthioni haichagui: bundi, tai na ndege wengine wanaokula kwelea waliokufa hufa nao, na wadudu walio karibu, ambao ndio chakula cha kozi, huangamia. Kunyunyizia kukiwa lazima, basi malalo yakaguliwe kwanza, mizoga iokotwe, na msimu wa kozi uzingatiwe. Hilo linawahitaji mabwana shamba na wenye mashamba wakae pamoja kabla ndege ya kunyunyizia haijaruka, kama mabaraza ya Doyang yalivyokaa.