Kompyuta Isiyowaka: Utangulizi wa Fani ya Kusaka Hitilafu

Watu wengi huingia katika fani hii kwa mlango wa dukani. Kompyuta ya nyumbani imegoma, mwenyewe anamwuliza jirani, jirani anasema hiyo ni RAM tu, RAM inanunuliwa, na kompyuta inazidi kugoma. Wiki ijayo inanunuliwa pawa saplai. Mwezi unaisha mashine ina vipuri vipya na ugonjwa ule ule. Nakukaribisha uingie kwa mlango mwingine, ambao hauna gharama: kabla ya kuuliza kimeharibika nini, uliza mashine imefika wapi kabla ya kukwama.

Kompyuta haiwaki yote kwa mpigo. Ukibonyeza kitufe, pawa saplai huugeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti 12, 5 na 3.3, kisha huipa mazabodi ishara kwamba umeme umetulia. Ndipo prosesa huamka, ikasoma programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye mazabodi, ikaipima RAM, ikaitafuta kadi ya picha, na mwisho kabisa ikaigeukia diski yenye mfumo wa uendeshaji. Kila hatua inaitegemea iliyotangulia. Kwa hiyo kompyuta inayoonyesha nembo ya mtengenezaji kisha ikakwama imekwisha kukuambia kwamba prosesa inafanya kazi na picha inatoka. Ile isiyozungusha hata feni inazungumzia jambo jingine kabisa.

Desturi hii ya mashine kujikagua ni ya zamani. IBM PC, iliyotoka Agosti 1981, ilijipima kila ilipowashwa na kutoa mlio mmoja mfupi ikijiona salama. Siku hizi kila mtengenezaji ana milio yake, na wengine wameiacha wakaweka vitaa vidogo kwenye mazabodi, kwa hiyo usikariri milio. Tafuta kitabu cha mashine uliyo nayo.

Dalili zisipotosha, punguza. Bakiza mazabodi, prosesa, kipande kimoja cha RAM na pawa saplai. Ikiwaka hivyo, rudisha vitu kimoja kimoja mpaka ugonjwa urudi. Kazi hii inachosha, na ndiyo sababu wengi wanairuka. Kwa wakazi wa pwani nina nyongeza: hewa ya chumvi hula viunganishi, hivyo kabla ya kuihukumu RAM ichomoe, safisha meno yake kwa spiriti, irudishe mpaka klipu zilie. Wapo mafundi wanaotumia kifutio cha penseli. Kinakwangua, lakini sitawakemea.

Upande wa umeme una mtego mmoja unaofaa kuujua mapema, hasa ukinunua mashine ya mtumba. Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu, 115 upande huu na 230 upande ule. Marekani hutumia umeme wa volti 120 hivi. Tanzania ni 230 na Kenya 240. Swichi ikiwa kwenye 115, saketi ya ndani huzidisha volti maradufu. Ichomeke hivyo Dar es Salaam, na kapasita zilizotengenezwa kubeba volti 200 zitatwishwa zaidi ya 300. Utasikia kishindo na harufu itabaki chumbani. Habari njema ni kwamba mara nyingi huiua pawa saplai peke yake. Nawe usiifungue kuitazama: kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Nikitaka kuonyesha utamu wa fani hii, huwa nasimulia habari ya kapasita nyingine, zile ndogo za mazabodi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, soko la dunia liliingiwa na kapasita ambazo kimiminika chake cha ndani kilikuwa na kasoro. Kilizalisha gesi, vifuniko vikavimba, vingine vikapasuka na kuvuja ugiligili wa kahawia. Lakini kompyuta hazikufa siku hiyo. Ziliganda ovyo, zikajizima na kujiwasha, leo nzima kesho mbovu. Dalili kama hizo humfanya mtu alaumu virusi, afute diski, apakie Windows upya, na bure. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kushughulikia mashine zake zenye tatizo hili. Mwenye macho angelitambua bila chombo chochote, kwa kufungua kasha na kutazama vifuniko ambavyo vilipaswa kuwa bapa. Fundi mwenye chuma cha kulehemu naye angeweza kuziponya kwa kuweka kapasita nyingine za kiasi kile kile, volti zisizopungua, huku akizingatia upande wa hasi.

Diski haifuati kanuni hizi. Vipuri vingine hununuliwa tena; picha za arusi na tasnifu iliyoandikwa nusu haziuzwi popote. Diski inayozunguka ikianza kugonga kwa ndani, izime. Kila dakika ya kujaribu tena inaweza kukwangua kilichobaki, maana kichwa chake huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na chembe ya vumbi ni kubwa mno kwa nafasi hiyo. Usiifungue mezani, wala usiiweke kwenye friza kama baadhi wanavyoshauri, unyevu utaimaliza. Zile za SSD hazigongi. Huweza kufa kimya, bila kuaga, na katika kompyuta mpakato kadhaa zimelehemewa moja kwa moja, kiasi kwamba mazabodi ikifa, mafaili nayo yamo hatarini.

Kuna wakati wa kumwachia mwingine. Ukienda kwa fundi, Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, msimulie dalili na hatua mashine ilipokwama, usimpelekee hukumu. Na mwombe akurudishie kipuri alichokitoa. Kama kazi yenyewe ni ya kulehemu upya chipu kwenye mashine kuukuu, mimi hupendelea kuitoa diski, kuitia kwenye kasha la USB, na kuiacha maiti iwape wengine RAM na feni.

Sura ya kwanza inaanzia kwenye soketi ya ukutani. Uwe na mita ya kupimia umeme, bisibisi ya nyota, na kompyuta moja kuukuu ambayo hakuna mtu nyumbani atakayeidai.