MIKOKO YA BODO NA WANUNUZI WA HEWA

Mkulima, ukiteremka Bodo wakati wa maji kupwa utaiona mikoko imesimama topeni, upande wa kisiwa cha Funzi. Labda wewe husema: "Hiyo ni miti ya wavuvi. Mimi ni mtu wa skimu, shamba langu liko bara, yanihusu nini?" Basi jiulize. Boriti za nyumba yako zilitoka wapi? Na fito za ukuta je? Na kuni zilizochoma chokaa ya jirani yako? Ukijibu kweli, utaona kwamba mikoko yakuhusu sana.

Tena liko jambo jingine. Siku hizi mikoko ina wanunuzi wasioitaka boriti wala kuni. Wanataka isimame pale pale ilipo. Wanalipa fedha ili isikatwe. Watu wa Gazi, kaskazini ya Msambweni, wamefanya biashara hii tangu mwaka 2013. Watu wa Vanga, kusini, wamewafuata. Bodo iko katikati. Yafaa uijue biashara hii kabla haijabisha mlangoni pako.

HEWA YAUZWAJE?

Magari, viwanda na mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe na mafuta hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hupanda juu na kuizunguka dunia kama blanketi, na joto likashindwa kutoka. Joto likizidi, mvua hupoteza majira yake. Mkulima aliyepanda mahindi akingojea masika, na masika yakachelewa, ameionja habari hii bila kufundishwa na mtu.

Mti hufanya kinyume. Huivuta hewa ya ukaa kwa majani yake na kuifanya mti: shina, matawi na mizizi. Miti yote hufanya hivyo, lakini mikoko ina ziada. Majani na mizizi yake hufukiwa katika tope lisilo na hewa, na huko huoza polepole mno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukaa wa mikoko imo ndani ya tope, si katika mti unaouona, na yaweza kukaa huko mamia ya miaka. Ukiukata msitu, tope hufunuka na ile akiba hurudi hewani.

Sasa, yako makampuni na watu binafsi, wengi wao ng'ambo, wanaotaka kupunguza madhara ya moshi wao. Hawakulazimishwa na sheria. Wanafanya kwa hiari. Hununua hati za kaboni. Hati moja ni tani moja ya hewa ya ukaa iliyovutwa na miti au iliyozuiwa isitoke. Wako wanaosema kwamba mnunuzi hupata ruhusa ya kuendelea kutoa moshi. Neno hilo lina haki yake: mnunuzi mwema hupunguza kwanza moshi wa kwake, ndipo akanunua hati kwa ule uliombakia.

GAZI WALIFANYA NINI?

Tangu mwaka 1932 mikoko ya pwani ya Kenya ni msitu wa Serikali. Lakini sheria peke yake haikutosha kuulinda. Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ya Gazi ilikatwa ikawa kuni za viwanda, na mahali pengine pakabaki tope tupu. Mwaka 1982 Serikali ilikataza kuuza boriti za mikoko nchi za nje. Tangu mwaka 1991 wataalamu wa KMFRI, shirika la Serikali la utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dakta James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji.

Mwaka 2013 ukaanza mradi uitwao Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Shirika la Misitu la Kenya, kwa niaba ya Serikali, lilifanya mapatano na jamii juu ya sehemu ya msitu ya hekta 117, yaani ekari 290 hivi. KMFRI na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland wakatoa elimu ya kupima. Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya namna hii, hukagua hesabu. Chama cha hisani cha Scotland, ACES, hutafuta wanunuzi. Na wanakijiji hupanda, hulinda na hupima miti. Ahadi yao ni ya miaka 20.

Msitu huo huhesabiwa tani zipatazo 3,000 kila mwaka. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 za Marekani kwa mwaka. Usidhani kwamba huo ni utajiri. Vijiji hivyo viwili vina maelfu ya watu. Wangegawana, kila mtu angepata fedha kidogo sana, na kesho yake ingekuwa imekwisha. Hawakugawana. Walikaa pamoja wakachagua mambo ya wote: maji safi na mahitaji ya shule. Fedha ndogo ikiwekwa mahali pamoja huonekana. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu waliungana, wakafanya chama kiitwacho VAJIKI, jina lililotokana na vijiji vyao vitatu. Nao wanauza hati kwa njia ile ile, katika msitu mkubwa kuliko wa Gazi.

SHOKA LILILOFUKUZWA LAENDA WAPI?

Hapa ndipo wewe mkulima unapoingia. Ukiulinda msitu wa Gazi, watu hawaachi kujenga nyumba wala kupika. Shoka likifukuzwa Gazi laweza kuhamia Bodo. Likifukuzwa Bodo litahamia kwingine. Ikiwa hivyo, hewa haikupungua hata kidogo, na mnunuzi ameuziwa maneno matupu. Wapimaji wanajua jambo hili na hulihesabu.

Ndiyo sababu Mikoko Pamoja walipanda mivinje pia, watu wapate miti ya kujengea na kuni bila kuingia topeni. Mahali pa kufanya kazi hiyo vizuri kuliko pote ni shamba la skimu. Mvinje hupenda ardhi ya mchanga ya pwani, na mizizi yake husaidia kuirutubisha. Fuata maagizo haya:

1. Pata miche iliyo imara kutoka kitalu, au uliza kwa Bwana Shamba au ofisi ya misitu.

2. Panda masika yakishakolea, mwezi wa Aprili au Mei. Usipande katika mchanga mkavu ukingojea bahati.

3. Ukiacha nafasi ya mita 2 kila upande, ekari moja huchukua miche elfu moja. Kama huna ekari, panda mstari mpakani. Usiisongeze karibu na minazi.

4. Mwaka wa kwanza palilia, na uweze kupanda kunde katikati. Zuia mbuzi.

5. Baada ya miaka minne hadi sita utavuna miti ya kujengea. Mvinje ukikatwa hauchipuki vizuri kama miti mingine, kwa hiyo kila ukatapo, panda tena.

Nyumbani nako, jiko la kisasa hula kuni chache kuliko mafiga matatu. Kuni usiyoichoma ni mti usioukata.

UKIJIWA NA MTU MWENYE KARATASI

Biashara ya kaboni imeenea Kenya, na si kila ajaye ni mwema. Mwaka 2023 Bunge lilibadili Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, na mwaka 2024 zikatoka kanuni za masoko ya kaboni. Kwa miradi ya ardhi ya umma na ya jamii, sharti yawepo mapatano ya maendeleo ya jamii. Katika miradi itegemeayo ardhi, jamii hupata si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutolewa gharama za kazi. Lakini kama shamba ni lako mwenyewe kwa hati, mkataba utakuwa wako, na macho yawe yako. Uliza maswali haya kabla ya kutia sahihi:

Mkataba ni wa miaka mingapi, na wanao watafungwa nao?

Ni ardhi yangu mnayoitaka, au ni hewa iliyovutwa na miti yangu?

Nani atapima, nani atakagua, na hesabu nitaionaje?

Nitalipwa lini, na gharama gani zitatolewa kwanza?

Nikitaka kukata mti wangu nijenge, naruhusiwa?

Asiyeweza kuyajibu kwa Kiswahili unachokielewa, mwambie arudi siku nyingine. Karatasi usiyoweza kuisoma isomewe mbele ya watu unaowaamini, na nakala moja ibaki kwako. Mali bila daftari hupotea bila habari.

NENO LA MWISHO

Watu husema: hiari yashinda utumwa. Mapatano haya ni ya hiari kila upande. Mnunuzi aweza kuacha kununua mwakani. Bei yaweza kushuka. Basi usipande mvinje kwa kutumaini dola za mgeni. Panda kwa kuwa utahitaji boriti, kwa kuwa kamba na samaki wengi hukulia katika mikoko, na kwa kuwa mikoko huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Fedha ya kaboni ikija, iwe nyongeza. Isipokuja, bado una miti shambani, na Bodo ina mikoko yake.

Askari wa misitu ni wachache na mikoko ni mirefu kuipita. Atakayeilinda kweli ni yule ambaye hana haja ya kuikata. Masika yakianza, anza na miche hamsini.