Paka wa chini ya ghala: anaanza lini kukuamini?

Swali liliingia kwa ujumbe wa simu tukiwa katikati ya kipindi cha asubuhi. Msikilizaji wetu, mama mmoja wa Butiama, alisema chini ya ghala lake la mahindi amehamia paka jike asiye na mwenyewe. Panya wamepungua, na hilo limemfurahisha. Lakini kila akimsogelea, paka anatunisha manyoya, anapuliza kama nyoka, kisha anatoweka. Sasa ana watoto. Mume wake anasema wamkamate wamfunge kamba mpaka azoee. Jirani anasema wamwekee sumu kabla hajazaliana na kujaza kijiji. Mama anauliza ashike lipi.

Hewani tulijibu kwa dakika mbili, taarifa ya habari ikatukata. Hapa nitajibu kwa nafasi.

Kwanza, msimfunge kamba. Paka akifungwa hazoei, anajifunza kwamba mtu ndiye aliyemfunga. Siku akikata kamba hamtamwona tena, na mikono ya aliyemkamata itakuwa na alama.

Pili, mjue ni paka wa aina gani. Wapo waliowahi kuishi na watu wakapotea, au mwenye nyumba alihama akawaacha. Huyo unamkuta mchana, anakutazama usoni, analia "nyau", pengine anasimamisha mkia akikuona na sahani. Yupo na aliyezaliwa porini au nyuma ya vibanda, ambaye hajaguswa na mtu tangu afumbue macho. Yeye halii mbele yako, anatembea ameinama, na humwona zaidi usiku. Yule wa kwanza anaweza kurudi mkononi ndani ya wiki chache. Huyu wa pili anaweza kuchukua miezi, na wengine hawashikiki maisha yao yote. Anaweza kuishi na wewe vizuri, akala kwako, akalinda ghala lako, na bado usimguse.

Sababu iko kwenye umri. Kitoto cha paka hujifunza nani ni rafiki kati ya wiki ya pili na ya saba tangu kuzaliwa. Akizoea sauti ya watu na harufu ya mikono yao katika siku hizo, amezoea. Zikipita hajamwona mtu kwa karibu, mtu anabaki kuwa hatari kama mbwa au mwewe. Kwa hiyo mama wa Butiama ana bahati ambayo hakuijua: huenda paka mkubwa asishikike kamwe, lakini watoto wake bado wana nafasi. Wasitolewe kwa mama yao kabla ya wiki nane, maana bado wananyonya na wanafundishwa kuwinda. Akishakuwa na utulivu mbele yenu, mtu mzima akae karibu na maficho yao kila siku, aongee kwa sauti ya chini, aweke chakula. Inatosha kwa kuanzia.

Njia yenyewe haina uganga. Chagua saa moja, mahali pamoja, na mtu mmoja wa kupeleka chakula. Paka anashika ratiba kuliko wengi wetu. Weka sahani, rudi nyuma hatua kumi, kaa chini. Ukisimama unaonekana mkubwa. Mpe ubavu badala ya kifua, na usimkazie macho, kwa sababu kwa paka kukodoleana macho ni ugomvi. Baada ya siku kadhaa akila bila kuinua kichwa kila sekunde, sogea hatua moja, na ubaki hapo siku nyingine kadhaa.

Kuna jambo dogo ambalo nililicheka niliposoma mara ya kwanza: kumfumbia paka macho polepole, kama mtu mwenye usingizi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walilijaribu wakaona paka wengi hufumba macho vilevile, na wako tayari zaidi kumsogelea mtu aliyefanya hivyo. Nilijaribu nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Musoma, kwa paka mmoja mweusi mwenye sikio lililochanika. Majirani walidhani nina shida ya macho. Wiki ya tatu paka naye akafumba.

Nilimpoteza mara moja. Kijana mmoja alimrushia kandambili, basi, siku nane hakuonekana, na aliporudi nilianzia tena hatua kumi. Waambieni watoto mapema. Kazi ya mwezi mzima inafutwa na jiwe moja.

Siku atakapokuja mwenyewe mpaka miguuni, usimnyakue. Nyosha kidole chini, aje anuse. Akisugua shavu, mkune shavuni na chini ya kidevu. Tumbo liache. Mkia ukianza kupigapiga au masikio yakilala nyuma, ondoa mkono.

Chakula? Mabaki ya samaki, vichwa vya dagaa, ugali kidogo uliolowekwa kwa maji ya dagaa yasiyo na chumvi nyingi. Vitunguu vinamdhuru. Maziwa tunayompa kwa nia njema huwaharisha paka wengi wakubwa, kwa hiyo mpe maji safi. Na lile neno kwamba paka akishiba haui panya si kweli. Paka anawinda hata akiwa na shibe. Usiyelishwa kabisa ndiye atakayehama, au ataingia jikoni kwa jirani.

Wa mwaloni hapa Musoma wasikupe picha tofauti. Ukishuka Mwigobero asubuhi, dagaa wakiwa wameanikwa, utaona paka wanapita katikati ya miguu ya watu bila wasiwasi. Mtu anasema, hawa wamezoea. Hawajazoea mtu, wamezoea samaki. Inama umguse mmoja ujionee.

Wasikilizaji wa Bunda, hasa vijiji vya kuelekea lango la Ndabaka na mpaka wa hifadhi ya Serengeti, nanyi mna lenu. Paka mnayemwona shambani jioni huenda si wa mtu kabisa, ni kimburu, paka-mwitu wa Afrika. Anafanana sana na paka wa nyumbani mwenye michirizi, lakini miguu ni mirefu, nyuma ya masikio kuna wekundu kama wa kutu, na mkia una pete nyeusi na ncha nyeusi. Paka wote wa nyumbani duniani wanatokana na ndugu zake wa Mashariki ya Kati, waliovutwa na panya kwenye maghala ya wakulima wa kwanza. Huko Cyprus limechimbuliwa kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu na paka walizikwa jirani. Lakini kimburu wa leo ni mnyamapori. Mkikuta watoto wake kwenye majani, waacheni, mama yao yupo karibu. Wasipelekwe nyumbani kufugwa.

Sasa sehemu ambayo sitaki mtu airuke. Paka anaweza kubeba kichaa cha mbwa. Mbwa ndiye chanzo kikubwa kwa binadamu, na ndiyo maana vijiji vinavyopakana na Serengeti vimekuwa na kampeni za kuchanja mbwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ila mbwa mgonjwa akimng'ata paka, paka naye anaugua. Paka mwoga ambaye ghafla anakufuata, anatoa udenda, anashambulia bila kuchokozwa, au anatembea kama amelewa, huyo hajaanza kukuamini. Kaa mbali, zuia watoto, mwarifu afisa mifugo wa kata.

Ukiwa umeng'atwa au kuparuzwa na paka usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza sindano za kichaa. Usisubiri uone kama utaumwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba.

Kuhusu sumu ya jirani: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na chambo cha sumu hakichagui. Kitaliwa na kuku, mbwa wa mlinzi, au mtoto anayetambaa. Vilevile ukiweka sumu ya panya ghalani, paka atakula panya aliyekwisha kuila, na mtakuwa mmemuua mlinzi wenu.

Hofu ya kuzaliana, hata hivyo, ni ya kweli. Mimba ya paka ni miezi miwili tu na siku kidogo, na jike anaweza kushika mimba kabla hajafikisha nusu mwaka. Huko Lamu, Kenya, ambako paka wamejaa vichochoroni, wapo wanaowanasa, wanawafunga kizazi, kisha wanawarudisha walipotoka. Kwetu huduma hiyo si ya kila kijiji, lakini muulize daktari wa mifugo wa wilaya, na akija kuchanja mbwa mwulizie chanjo ya paka. Ndipo utakapoona faida ya zile siku za kukaa chini na sahani: paka aliyezoea kula ndani ya boksi au tenga, unafunga kifuniko tu.

Mama wa Butiama alituandikia tena juzi. Paka anakula akiwa hatua nne kutoka kwake, na kitoto kimoja, cha kijivu, kimelala juu ya kandambili ya mzee aliyetaka kumfunga kamba.