Sura ya 6: Mafuriko Yenye Ratiba

Giza likiingia Feri, Mombasa, taa huwaka pande zote mbili za kivuko, Likoni na kisiwani, watu wakirudi makwao. Sehemu ya umeme huo ni maji ya Mto Tana. Laini ya kilovolti 220 huuleta kutoka bwawa la Kiambere hadi kituo cha Rabai, kisha ukasambazwa Mombasa. Saa hizo za jioni, nchi nzima ikiwasha taa, mitambo hufunguliwa na maji hutoka kwa wingi. Usiku wa manane hupungua. Mto uliofuata masika na vuli sasa hufuata swichi zetu.

Mabwawa makubwa ya umeme kwenye mto huo ni matano, kutoka Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo ghala: huhifadhi maji ya mvua ili manne yaliyo chini yake yasikose maji wakati wa kiangazi. Umeme hufaidika, lakini huko chini, Garissa, Hola, Garsen hadi Kipini, maisha yalijengwa juu ya mafuriko ya wastani. Mpokomo alipanda mpunga kwenye tope lililoachwa na maji. Muorma alileta ng'ombe deltani malisho yalipokauka kwingine. Hata kamba wa Ghuba ya Ungwana huutegemea mto: huzaliwa baharini, wakiwa wadogo huingia mikokoni kukua penye mchanganyiko wa maji baridi na ya chumvi.

Bwawa huzuia mafuriko hayo ya wastani, na rutuba yake hutuama sakafuni mwa bwawa la Masinga. Mafuriko makubwa halizuii. Mwaka 2018 na 2024 mvua kubwa iliyajaza mabwawa, maji yakafurika na kuwafukuza watu makwao. Hivyo mkazi wa deltani hukosa maji anayoyahitaji, akaletewa asiyoyaweza.

Dawa ipo. Kwanza, mto usipungue kupita kiasi: Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya uhai wa mto. Pili, kabla ya mvua kubwa iliyotabiriwa, bwawa liachiwe nafasi. Tatu, wakati wa masika maji yaachiliwe makusudi kwa siku chache, mpaka yatambae mashambani. Yakitoka Kiambere huchukua siku kadhaa kufika deltani. Tangazo likitolewa mapema, wafugaji huhamisha mifugo na wavuvi hufunga mitumbwi. Bonde la Mto Senegal limewahi kufurishwa hivyo kwa maji ya bwawa la Manantali, nchini Mali.

Gharama ya kuachilia maji hivyo ni umeme, kwa kuwa maji yanayozidi uwezo wa mitambo hupita bure. Lakini leo mvuke wa Olkaria unazalisha umeme mwingi kuliko mabwawa yote ya Kenya. Nafasi ya kuurudishia mto msimu wake tunayo. Kwa hiyo ratiba ya malango isipangwe na wahandisi wa umeme peke yao. Mkulima wa Garsen na mfugaji wa Tarasaa wawe na kauli humo, maana wao ndio wanaoishi na kila uamuzi wake.