Sanduku Lenye Nyayo Nne

Je, wajua kwamba kontena la futi 20, hata likiwa limeshiba tani 20 za mzigo, hukanyaga ardhi kwa kona zake nne tu? Inama ulitazame kwa chini. Utaona vichwa vinne vya chuma kizito vilivyotobolewa matundu, na tumbo lote lililobaki limening'inia kidogo juu ya udongo. Kona hizo ndizo miguu yake. Ndizo pia mabega: likipandishiwa jingine, uzito hushuka kona kwa kona mpaka chini, na melini hupangwa hata manane kwenda juu. Ukuta haubebi karibu chochote cha uzito huo. Ni chuma chembamba, milimita 2 au pungufu, kilichokunjwa mikunjo ili kisiyumbe.

Mtu wa Lubumbashi anamfahamu kiumbe huyu tangu utotoni. Jiji letu liko mbali na bahari. Dar es Salaam peke yake iko karibu kilomita 2,000 kwa barabara, na shehena huingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Makontena mengi yakishashusha mzigo hayarudi. Yanakatwa dirisha, yanapakwa rangi, yanakuwa duka la unga, saluni, ghala la saruji. Fundi wa kuchomelea wa mitaa ya Katuba au Ruashi anajua akate wapi na asikate wapi, na akitoa kipande kikubwa cha ukuta anajua lazima arudishe fremu ya chuma mahali pake, la sivyo paa litabonyea.

Yote hayo yalianza Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean alipopakia masanduku 58 juu ya meli moja kutoka Newark hadi Houston. Alitaka kupunguza gharama ya kupakia na kupakua, basi. Nyumba hakuiwaza. Lakini kitu kinachobebeka kwa lori, treni na meli bila kufunguliwa, kinachosimama popote pakipatikana mawe manne ya kukiwekea kona, hakingekosa kuitwa siku ya maafa.

Na maafa tunayajua. Mwishoni mwa Agosti 1961, jiji likiitwa Élisabethville na likiwa makao makuu ya Katanga iliyojitenga na Kongo, Waluba walianza kukimbilia ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Katika majuma mawili tu walifika kama 35,000, na idadi ikaendelea kupanda hadi ikapita maradufu. Mji mzima ulizuka pembeni mwa mji, wa vibanda vilivyosimamishwa kwa chochote kilichookotwa. Mvua zikaja zikawakuta humo. Mwaka 1962 wengi walipelekwa Kasai kwa treni. Kila nikiwaza nyumba za dharura huwa naanzia hapo, kwa mama aliyeona wingu jeusi la Novemba na juu ya kichwa cha mwanawe hamna kitu.

Angehitaji nini siku ile? Si kontena. Chumba cha chuma kilichokwisha kuundwa husafirisha hewa: lori refu hubeba viwili tu, na ndani hamna kitu. Ndiyo maana wahandisi wa leo huvunja chumba kuwa sakafu, paa, nguzo nne na paneli za ukuta, kisha hulaza vipande hivyo kimoja juu ya kingine. Vyumba vinne vilivyolazwa hivyo hujaza nafasi ya kontena moja. Kwa jiji lililo mwisho wa kilomita 2,000, hesabu hiyo inaweza kuamua nani alale pakavu na nani asubiri lori lijalo.

Kipo kijumba kinachokwenda mbali zaidi. Kinaitwa Better Shelter, kilibuniwa Sweden kwa msaada wa mfuko wa IKEA pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na kilijaribiwa mwaka 2013 miongoni mwa wakimbizi wa Kisomali huko Dollo Ado, Ethiopia. Fremu ni ya chuma, kuta ni paneli nyepesi za plastiki. Watu wanne hukisimamisha kwa muda wa saa nne hadi sita. Kina mita za mraba 17.5, mlango unaofungwa kwa kufuli, na taa ya sola inayochaji simu pia. Kufuli hiyo naithamini kuliko taa. Hema hukatwa kwa wembe, na mwanamke aliyelala kambini peke yake na watoto anajua maana ya jambo hilo. Kijumba hicho kina aibu yake pia: Desemba 2015 mji wa Zürich uliviacha vijumba ulivyokuwa umevinunua baada ya majaribio kuonyesha kwamba vinashika moto kwa urahisi, na watengenezaji wakalazimika kurudi kwenye michoro.

Sasa tulilete sanduku hapa kwetu, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Oktoba, kabla ya mvua, jua huchoma paa la chuma na ndani ya kontena tupu joto laweza kupita nyuzi 50. Juni na Julai mambo hugeuka. Usiku baridi hushuka, na chuma, ambacho hakijui kutunza joto, hupoa upesi kuliko hewa iliyo ndani. Watu wanne wakilala humo, mvuke unaotoka katika pumzi na ngozi zao mpaka alfajiri hupita lita moja. Mvuke huo ukigusa dari baridi hugeuka maji, na maji hudondoka. Mtoto anaamka blanketi limelowa na nje hakujanyesha tone. Dawa yake si ghali: paa la pili la mabati, ambayo wengi wetu huyaita manjanja, liinuliwe juu ya lile la kwanza na kuachiwa upenyo wa hewa, matundu mawili, moja chini upande huu, jingine juu upande wa pili, na rangi nyeupe. Fundi wa mtaani hulimaliza kwa siku moja. Kinachonisikitisha ni kuona mara nyingi halikuwekwa, kwa sababu aliyeagiza sanduku alikuwa mbali na Oktoba yetu.

Maafa yetu ya kila mara, hata hivyo, hayaangushi nyumba. Ni kipindupindu. Mwanzoni mwa 2008 kilipiga Lubumbashi na Likasi kwa pamoja, na madaktari wa Médecins Sans Frontières wakaja kufungua vituo vya kutibia. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa. Akirudishiwa maji hayo mapema, kwa kinywa au kwa dripu, karibu kila mtu hupona, na siku chache baadaye anakwenda kwake kwa miguu. Basi jengo lake halihitajiki kwa miaka. Linahitajika kwa majuma, na linahitajika kesho asubuhi.

Na jengo la kipindupindu ni sakafu. Kuta zaweza kuwa turubai. Sakafu lazima isafishike kwa klorini, isinywe kitu, iteremke kidogo kuelekea mfereji, na mfereji usielekee kisimani kwa mtu. Kitanda kimetobolewa katikati, chini yake kuna ndoo. Mlango wa kuingilia ni mwingine na wa kutokea ni mwingine, kila mmoja na maji yake ya kunawa. Ukileta kontena zuri la rangi ya samawati ukaliweka juu ya udongo wetu mwekundu mwezi wa Januari bila kuchimba mfereji, umeleta njia nzuri ya kusambaza ugonjwa.

Jengo la kubeba linaloanza na mifereji si jipya. Mwaka 1855, wakati wa vita vya Crimea, mhandisi Mwingereza Isambard Kingdom Brunel alichora hospitali ya vipande vya mbao, ikapakiwa melini Uingereza, ikaunganishwa Renkioi, Uturuki. Alichokisisitiza ni mifereji ya maji machafu na njia ya hewa safi kwa kila wodi. Walitibiwa humo askari kama 1,300, wakafa 50, nao ni wachache mno ukilinganisha na hospitali za jeshi za vita hivyo.

Sisi Wakongo nasi tuna sehemu yetu katika hadithi hii. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, shirika la ALIMA lilipeleka Beni vijumba vinavyoitwa CUBE, vyenye kuta za plastiki angavu. Ukutani imeshonwa mikono mirefu ya glavu, muuguzi aliye nje anaingiza mikono yake na kumhudumia mgonjwa bila kuvaa yale mavazi mazito ya kujikinga kila mara. Mlipuko ule uliua watu 2,287 kabla ya kuisha Juni 2020, na woga ulikuwa mkubwa: mtu aliingizwa hemani, ndugu hawakumwona tena. Kupitia ukuta ule mama aliweza kumtazama mwanawe, na mwana akamwona mama. Sijui ukuta mwingine uliowahi kufanya kazi kama hiyo.

Kwa hiyo kila nikiulizwa kama jengo la kubeba linafaa, mimi huuliza kwanza limebeba nini ambacho mahali hapo hapana. Paneli za ukuta? Nenda nje ya Lubumbashi kidogo uone vichuguu. Mchwa wa msitu wa miombo hupandisha vilima vya mita kadhaa, udongo wake mfinyanzi laini, na humo ndimo yanamotoka matofali ya kuchoma yaliyojenga sehemu kubwa ya jiji hili. Wafyatuaji wako tele, waashi wako tele. Wakongo waliokimbilia kambi ya Mantapala, Zambia, iliyofunguliwa Januari 2018, waligawiwa viwanja, na wengi wamejijengea nyumba za udongo kwa mikono yao.

Tatizo la tofali ni kalenda. Linafyatuliwa, linaanikwa siku nyingi, ndipo linapangwa tanuruni na kuchomwa. Katika mvua halikauki. Na mafuriko na kipindupindu hupenda kuja Desemba, Januari, Februari, wakati hasa ambapo tofali bichi likiachwa nje usiku hugeuka tope kabla ya asubuhi. Maafa yakipiga Januari, mpaka Mei kuna miezi minne ambayo Katanga yote, pamoja na ujuzi wake wote, haiwezi kufyatua ukuta. Miezi hiyo ndiyo kazi ya sanduku.

Walewale wa Better Shelter sasa hutoa pia fremu yenyewe ya chuma peke yake, ili wenyeji wajaze kuta kwa walicho nacho. Naiona picha hiyo hapa: lori limefika Februari, fremu zimesimama kwa siku moja, turubai limefungwa pembeni, sakafu imeinuliwa na mfereji umechimbwa. Mei mvua inakatika. Agosti moshi wa tanuru unapanda kutoka kila upande wa jiji, na mwashi anapanga kozi ya kwanza ya matofali kati ya nguzo mbili za chuma, akivua turubai kipande kwa kipande na kulikunja, maana watu wa miji ya Pweto au Kalemie watalihitaji mvua zikirudi.