Maji ya Paa Yaende Chooni

Pwani yetu ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu Mocímboa da Praia hadi Palma na Quionga, hupata mvua nyingi kati ya Desemba na Aprili. Miezi hiyo maji hutiririka kutoka mabatini yakapotea mchangani, na wakati huo huo wake zetu na watoto wamepanga ndoo kisimani tangu alfajiri. Maji hayo ya jasho tunayamwaga chooni. Sisi tunasema si haki.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 5 kwa 6 lina mita za mraba 30, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita 300. Hata tukitoa yanayorukia nje, pipa la lita 200 limejaa. Makuti hutoa maji machache na meusi, lakini choo hakichagui rangi.

Pipa litakaa siku ngapi? Choo cha tangi cha zamani hula lita 9 au zaidi kila kinapovutwa. Watu sita wakienda mara nne nne, pipa haliishi siku moja. Choo cha kuchuchumaa chenye shingo iliyopinda, kikimwagiwa kwa kopo, hutosheka na lita 2, na pipa lile lile hufika siku ya nne. Maji yanayobaki shingoni huzuia harufu na nzi. Tukumbuke kipindupindu kilichozuka mkoani baada ya kimbunga Kenneth, Aprili 2019.

Pipa lifunikwe kwa kitambaa kilichokazwa, mbu wasitage. Watoto wasinywe, maana ndege hunya juu ya paa. Kiangazi tumieni maji yaliyofuliwa nguo, au ya kisima cha chumvi, ila ya chumvi yasitiwe tangini, hula vyuma.

Katika nyumba za kampuni moja tulizotembelea, mabati ni mapya, lakini hakuna hata mlizamu mmoja. Msimamizi alitujibu kwamba maji ni kazi ya wanawake. Tumeandika dai: mlizamu na pipa kwa kila nyumba. Jibu bado. Wenzetu wawili hawakungoja. Walikunja bati kuukuu, wakalifunga kwa waya chini ya paa la nyumba ya mwisho. Linavuja kwenye kiungo, lakini mvua ya kwanza pipa lilijaa.