Asumini Yapigwa Sindano

Marehemu mama alituachia vitu viwili: msala wake, na asumini iliyomo ndani ya debe pale darini kwetu, Kibokoni, Mombasa. Asumini hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa vikuba vya maharusi wa ukoo wetu. Basi fikiri, msomaji, nilivyofadhaika nilipoiona imejaa vidudu vyeupe mfano wa pamba, na sisimizi wakipanda na kushuka.

Dada yangu alinihimiza nitumie mafuta ya mwarobaini. Nikayamimina kwa kukisia tu, tena juani. Siku ya tatu majani yaliungua, nusu yake yakapukutika. Nililia kana kwamba mama amekufa mara ya pili.

Shangazi alipopanda darini hakunigombeza. Alitoa mkobani bomba la sindano jipya, lisilo na ncha, lile la kunyweshea watoto dawa.

"Mwanangu, dawa ni kipimo," akasema. "Bila ya kipimo ni sumu."

Tulivuta mililita 5 za mafuta, tukazitia katika lita 1 ya maji yenye matone machache ya sabuni, tukatikisa. Tukangoja jua lipoe. Bomba likarusha maji membamba mpaka kwapani mwa majani, walikojificha wale vidudu. Tukarudia kila baada ya siku 7.

Tangu hapo bomba halinitoki mkononi. Mrehani unaochipuka naunywesha kwa matone penye mizizi, usilazwe na maji ya kopo. Mdimu wa uani uliotobolewa shina na mdudu niliupenyezea dawa ile ile tunduni, nikaliziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi.

Lakini nausia mambo mawili. Sindano iliyokwisha kutumika hospitalini usiiokote kamwe. Yaweza kuwa na maradhi ya ini au UKIMWI. Na bomba lililoingia dawa ya miti lisirudi tena kinywani mwa mtoto. Litie alama, uliweke mbali.

Juzi tumemwoza binti wa dada yangu. Kikuba chake kilikuwa kidogo, maua machache kuliko ya zamani, lakini yametoka katika debe la mama. Nilipokuwa nikimbandika, shangazi alisema kwa sauti ndogo, "Mwenyezi Mungu amrehemu aliyepanda mti huu."

Sote tukaitikia, amina.